Wasudani Wawili wa Ngong Road

Wasee, kuna neno moja limenikaa kichwani tangu Ramadhani ya 2025. Neno lenyewe ni moyo.

Nilikuwa Makina, Kibra, kwa kina rafiki yangu tuliyeanza naye chuo. Yeye alimaliza, mimi nikashukia njiani, hiyo ni stori ya siku nyingine. Ni Mnubi. Alikuwa ameniita nichukue klipu za nyanya yake akipika gurusa, zile chapati laini za kumimina, juu kontenti ya msosi huwa hainiangushi. Kumbe siku hiyo walikuwa na wageni: mama Msudani na watoto wake 3, wanakaa Kilimani, walikimbia Khartoum. Adhana ya magharibi ikalia. Kale kadogo kakamvuta mamake nguo, kakasema kwa Kiarabu chao kanataka maji: moya. Na shosho wa Kibra, ambaye hajawahi kukanyaga Sudan hata siku moja, akageukia wajukuu: "Leteni moyo, mtoto ana kiu."

Kwa Kiswahili hiyo sentensi inatisha. Kwa Kinubi, moyo ni maji tu.

Yule mama akashusha tende iliyokuwa mkononi. Akamwita shosho "habuba", nyanya, vile wanaita kwao. Shosho akaitika bila kushtuka, kwa sababu hata wajukuu wake humwita hivyo hivyo. "Habuba, wewe ni wa wapi?" "Wa hapa." "Na kabla ya hapa?" "Mimi? Hapa hapa." Kutoka dakika hiyo sikupata klipu yoyote ya maana, niliweka simu chini nikaanza kusikiliza.

Kwa hivyo leo tuongee kuhusu hawa Wasudani wawili. Mmoja ana zaidi ya miaka 120 upande wa chini wa Ngong Road. Mwingine amefika juzi, upande wa juu. Kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine unaweza kutembea, unakatia Toi, na ukifika bado hujatoka jasho.

Tuanze na wa kwanza, maana shuleni huyu hatukufunzwa. Mimi nilifunzwa reli, simba wa Tsavo, halafu ghafla uhuru.

Karne ya 19, Sudan ikiwa chini ya Misri, jeshi lilijazwa vijana waliokamatwa milima ya Nuba, kusini na kwingineko. Wengi waliingia jeshini wakiwa watumwa. Wakasilimu, wakaokota Kiarabu cha kambini, na hicho Kiarabu cha kambini ndicho kilikuja kuwa Kinubi. Vita vya Mahdi vilipofunga njia ya kaskazini, kikosi kilichokuwa chini ya Emin Pasha kikabaki kimekwama Equatoria. Mwaka 1891 Mwingereza mmoja, Frederick Lugard, akawakuta karibu na Ziwa Albert akawabeba kuwa askari wa kampuni ya Waingereza huko Uganda. Jeshi la KAR lilipoundwa 1902, hawa jamaa walikuwa tayari ndani. Yaani walipelekwa Afrika Mashariki na vita vya watu wengine, wakapigana vita vya watu wengine, na vilipoisha hakuna mtu alikuwa na mpango wa kuwarudisha popote.

Kutoka karibu 1904 waliomaliza utumishi wakaanza kuwekwa kwenye msitu ulio kusini magharibi mwa mji. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Pensheni hakuna. Badala yake askari aliyetumikia miaka ya kutosha alipewa kibali cha kujenga na kulima. Baadaye serikali ya mkoloni ikatangaza eneo hilo rasmi kuwa ardhi ya jeshi, na kwa vipimo vya wakati huo lilikuwa kama ekari 4,197.

Rudia hapo. Kibali, si hati. Na shida ya kibali ni kwamba aliyekupa anaweza kuamka siku moja na mawazo mengine. Mwaka 1928 jeshi likakabidhi Kibra kwa utawala wa kiraia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tume ya ardhi ya Carter ikaamua kwamba Wanubi ni wapangaji wa serikali ya Mfalme, wanaokaa pale kwa hiari yake. Uhuru ukaja, serikali ikabadilika, hiyo hesabu haikubadilika. Kipande kikawa Jamhuri, kipande Ngei, kipande Highrise, kipande Langata. Ukiishi kwa hizo esteti, usinikasirikie, hata mimi nimeshapanga chumba huko. Mwaka 2017 hatimaye jamii ya Wanubi ikapewa hati ya ekari 288. Toa simu upige hesabu: haifiki asilimia 7 ya ile ya kwanza.

Sasa usidhani Wanubi ndio walikuwa wageni Waislamu peke yao kwenye huu mji. Nairobi ya miaka ya 1910 ilikuwa na vijiji vya Waafrika vyenye Waislamu wengi: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, na Kileleshwa. Eeh, Kileleshwa, hii hii ya lifti na walinzi wa kuandika namba ya gari. Kwenye vijiji kama hivyo kulikuwa na Waswahili wa pwani, wapagazi wa zamani, askari waliostaafu, na pia wanawake wa bara waliokuja mjini peke yao, wengine wakikimbia ndoa. Na hapa ndipo historia inakuwa tamu, juu wanawake hao hawakupokewa na ofisi yoyote. Walipokewa na wanawake wengine. Unafika huna mtu, mama mwenye nyumba anakupa chumba, unasilimu, unapata jina jipya, na hilo jina linakuja na jamaa: wa kukuuguza ukiugua, wa kukuzika ukifa. Wanahistoria wameandika sana juu ya wanawake hawa wa Pangani na Pumwani, walivyojenga nyumba zao na kurithishana wakati sheria haikuwa inawaona kabisa.

Manispaa ikavibomoa vijiji hivyo kimoja kimoja. Kileleshwa haikuvuka miaka ya 1920, Pangani ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakasukumwa Pumwani. Miaka hiyo hiyo ya 1920, katikati ya mji, Waislamu wengi wao wenye asili ya Kihindi walikuwa wakiinua jengo la Jamia tunalolijua leo. Ujenzi ulianza 1925 ukaisha 1933, ingawa msikiti wenyewe unahesabu umri wake kutoka 1902. Sijui kama kuna mtu amewahi kuweka hizo picha mbili pamoja: upande mmoja nyumba za udongo zinabomolewa, upande mwingine kuba zinapanda. Waliobomolewa na waliojenga walikuwa wanaswali kuelekea upande mmoja, lakini mkoloni alikuwa amewapangia mitaa kwa rangi, na mpaka leo hiyo ramani inaonekana ukijua pa kuangalia.

Na kabla mtu hajaniandikia kwa komenti kwamba nawachora Wanubi kama malaika: hapana. Walijenga vyumba wakapangisha, na mwishoni mwa 2001 Kibra iliwaka kwa ajili ya kodi, wenye nyumba upande huu, wapangaji upande ule, watu wakafa na nyumba zikachomwa. Wanasiasa walikuwa wametia petroli kwa maneno, ndiyo, lakini kuni zilikuwepo. Mtu asiye na hati anamkodishia mtu asiye na hati, kila mmoja anaona mwenzake ndiye mgeni. Nimeuliza rafiki yangu kuhusu hiyo mwaka, akaniambia kwao haiongelewi wakati wa kula.

Miaka ya 1990 nitaipitia haraka kwa sababu mnaijua. Kabla ya 1991 Kenya ilikuwa na wakimbizi kama 15,000 tu. Siad Barre akaanguka Januari 1991, Dadaab ikafunguliwa, Kakuma ikafuata 1992, na sera ikawa moja: mkimbizi akae kambini. Mjini alikuwepo, lakini kwa macho ya serikali alikuwa amepotea njia. Desemba 2012 ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wa mjini warudi kambini. Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda kortini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo. Miezi 2 baadaye, Septemba, Westgate ikashambuliwa pale Westlands, watu 67 wakauawa. Aprili 2014 ikaja Usalama Watch. Maelfu wakakamatwa, wengi Wasomali, na uwanja wa Kasarani, ule ule wa mpira, ukageuzwa mahali pa kuzuilia watu. Kama wewe ni Mwislamu wa Nairobi mwenye umri wangu, pengine hiyo ndiyo kumbukumbu yako ya kwanza ya serikali.

Sasa Msudani wa pili.

Vita vya Khartoum vilianza 15 Aprili 2023, Ramadhani ikiwa siku zake za mwisho. Jeshi la nchi upande mmoja, RSF upande mwingine, mji wenye mamilioni ya watu katikati. Waliofika Nairobi hawakufanana na picha ya mkimbizi tuliyozoea kwenye mabango. Walikuwa madaktari, wahandisi, wachoraji, wanafunzi wa vyuo vilivyofungwa kwa risasi. Mimi niliacha chuo, wao chuo ndicho kiliwaacha, na hiyo si kitu kimoja. Wakapanga Kilimani, Hurlingham, Kileleshwa, kwa sababu walikuwa na akiba kidogo na walitaka mahali pa kukaa miezi 2 hadi mambo yatulie. Mambo hayakutulia.

Hapa ndipo nilipomwelewa yule mama. Aliniambia, kupitia rafiki yangu na Kiingereza cha kuungaunga, jinsi walivyoishi mwaka wa kwanza. Mmoja mwenye pasipoti safi na pesa ya diposti anaandikisha nyumba. Familia ya pili inaingia, ya tatu inalala sebuleni. Wanawake wana mchango wa mzunguko, kila mwezi mmoja anabeba, na wanauita sanduku. Nikacheka, juu hata sisi tungeuita hivyo kama hatungekuwa na neno chama. Kazi ya pamoja, ya kuhamisha mtu au kumpikia mfiwa, wanaiita nafir, na nilipomweleza harambee ni nini aliniangalia kama mtu anayemfunza bata kuogelea. Kwenye hiyo hiyo sanduku kuna fungu linalorudi Sudan, kwa simu, kwenda kwa jiko za mtaani zinazopika sufuria moja kwa watu mia. Vikundi vya vijana wanaoendesha kazi kama hizo huko, vile vinavyoitwa vyumba vya dharura, vilipewa tuzo ya Right Livelihood 2025. Mtu amefukuzwa kwao, analala watu 9 kwa nyumba ya vyumba viwili, na bado anatuma.

Upande wetu watu pia walijitokeza. Ramadhani, Jamia hufuturisha watu wengi kila jioni, na pale foleni haiulizi kitambulisho. Zaka yenyewe kwenye Uislamu ina fungu la msafiri aliyekatikiwa njiani, kwa hivyo kumsaidia mtu wa Khartoum si hisani ya kujipigia picha, ni deni. Misikiti ya Kawangware na Kibra haina pesa ya mjini lakini ina watu: fundi wa kurekebisha mlango, mwalimu wa madrasa anayempokea mtoto katikati ya muhula, mama wa mandazi anayekopesha. Na akiba ya Kilimani inapoisha, ndio hao majirani wapya wanaonekana huku kwetu Kawangware, na begi zao nzuri nzuri za magurudumu kwenye matope ya 46.

Lakini kuna wiki moja nataka tuikumbuke. Tarehe 18 Februari 2025, RSF na wenzao walikusanyika KICC. Hapo katikati ya mji, jengo ambalo sote tumepigia picha. Siku chache baadaye, hapa hapa Nairobi, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Kenya ikasema inatoa tu jukwaa la kutafuta amani. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi Machi ikapiga marufuku chai yetu, na hapo ndipo habari ilipoanza kutuuma, kwa sababu ya chai. Yule mama aliniambia wiki hiyo hakushuka mjini. Watu waliochukua nyumba yake walikuwa kwenye hoteli za mji aliokimbilia kuwakwepa. Oktoba mwaka huo huo RSF wakaingia El Fasher, na yaliyofuata tuliyaona kwa simu zetu, wengine tukapitisha kidole haraka.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua si wote mtaupenda. Nimechoka na stori za "Wakenya ni wakarimu". Ni kweli tu. Lakini ukarimu wa mtaa ulimpa Mnubi chumba, chakula, msikiti, kaburi, na haukumpa karatasi. Miaka 120. Wala hauwezi kumpa Msudani wa Kilimani. Kila tunaposifu futari na kunyamaza kuhusu karatasi, tunafanya ile hesabu ya mkoloni upya: kaa, jenga, lima, lakini kwa kibali.

Karatasi si mambo ya ofisini tu. Bila karatasi inayotambulika husajili laini, bila laini huna M-Pesa, bila M-Pesa huku Nairobi hulipi hata mat. Unaishi kwa laini ya mtu mwingine, na siku mkikosana amebeba akiba yako. Sheria mpya ya wakimbizi, ya 2021, ilianza kazi Februari 2022, na imeandika wazi kwamba mkimbizi ana haki ya kufanya kazi. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wakimbizi na wenyeji waishi pamoja na kutumia huduma pamoja, lakini umejengwa hasa juu ya Dadaab na Kakuma. Kenya sasa ina zaidi ya wakimbizi 800,000, kwa hivyo naelewa kwa nini kambi zinatangulia. Ila yule daktari wa Khartoum anayefunza watoto wa jirani hesabu huko Kilimani ili apate ya kodi, bado anapanda mat kwenda Shauri Moyo kuulizia faili yake.

Na mwulize Mnubi mwenye kitambulisho alikipataje. Mimi nilipofika 18 nilipeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama, nikangoja, nikapata. Rafiki yangu, darasa moja, mtaa wa pili, alipelekwa mbele ya kamati ya kumhakiki, akaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Watoto wa Kinubi walipelekewa kesi yao hadi kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto, na Machi 2011 kamati ikaamua Kenya imewakosea kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika. Januari 2020 Nubian Rights Forum, hao hao wa Kibra, walikuwa kati ya waliosimamisha Huduma Namba kortini hadi pawe na sheria ya kulinda watu. Wengi wetu tulikuwa tunapiga meme. Wao walijua mfumo ukikuuliza karatasi usiyo nayo, wewe ndiye unafutika.

Ndio maana nikasema msaada mkubwa niliouona usiku ule haukuwa gurusa, ingawa nilikula 5. Baada ya kuswali, shosho aliinuka akaenda chumbani. Akarudi na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Ndani: cheti cha ndoa, risiti za kodi ya nyumba ya udongo, barua za kukataliwa, picha ya mwanaume amevaa sare ya KAR, na chini kabisa kibali cha babu yake, kimechakaa kwenye mikunjo. Akamwambia yule mama, Kinubi kikikutana na Kiarabu katikati, rafiki yangu akinitafsiria: usitupe karatasi hata moja. Hata ile waliyokukatalia, hasa hiyo. Andika majina ya watoto nyuma. Usiweke kwenye dari, mvua itaingia. Usimwachie mwanaume.

Tukacheka. Mama akaomba kushika kile kibali. Akakisogeza karibu na taa, akasoma jina polepole, akasoma mwaka. Yeye karatasi zake zote, visa, barua ya miadi, zile za watoto, ziko kwa simu na kila moja ina tarehe. Akakigeuza nyuma, kutafuta kinaisha lini.